Kopo la lita 5 la waiti spiriti: tathmini baada ya miezi minne katika karakana ya samani

Kwa miezi minne sasa karakana yetu ya samani, iliyoko Keko jijini Dar es Salaam, imekuwa ikitumia waiti spiriti, yaani kimiminika cha kuchanganyia vanishi na rangi za mafuta na kusafishia brashi, inayouzwa katika kopo la bati la lita 5 lililofungwa kiwandani, badala ya ile ya kupimiwa kutoka kwenye pipa ambayo tuliizoea kwa miaka mingi. Naandika tathmini hii kwa ajili ya mafundi wenzangu wa rangi na vanishi, na pia kwa wenye nyumba wanaonunua chupa moja ya kusafishia brashi kisha wakaisahau chini ya sinki la jikoni. Jina la kiwanda nimeliacha kwa makusudi, kwa sababu mengi nitakayosema yanahusu kopo lolote la aina hii, na kwa sababu nina lalamiko moja kubwa ambalo si haki kumbebesha mtengenezaji mmoja wakati makopo karibu yote niliyowahi kuyashika yana kasoro hiyohiyo.

Nianze na jina, maana hatari ya kwanza huanzia hapo. Wauzaji wa vifaa vya ujenzi huiita bidhaa hii kwa majina matatu au manne. Wapo wanaoiita tapentaini, ingawa tapentaini ya asili hutokana na utomvu wa misonobari ilhali hii yetu hutokana na mafuta ghafi ya petroli. Wapo wanaoiita thina, jina ambalo kwa kawaida ni la kile kimiminika kikali cha kuyeyushia rangi za magari na vanishi za kupuliza, ambacho mara nyingi huwa na viyeyushi vinavyowaka upesi, kama tolwini na asetoni, ndani yake. Wengine hufupisha wakasema spiriti tu, kiasi kwamba mteja anaweza kurudi nyumbani akiamini kwamba amebeba spiriti ya kusafishia vidonda. Vitu hivi havifanani kwa kazi wala kwa namna vinavyoshika moto. Thina ya namna hiyo hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata ikiwa baridi kama maji yaliyotoka kwenye friji. Waiti spiriti huhitaji joto zaidi kabla haijafika hapo, na tofauti hiyo ndiyo inayompa fundi nafasi ya kufanya kazi kwa usalama, mradi ajue ni kipi hasa alichokishika. Kopo lililofungwa na kuandikwa jina linamwondolea utata huo tangu dukani.

Kuhusu ubora wa kimiminika chenyewe sina malalamiko. Kila kopo jipya ninalifanyia jaribio ambalo mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akilifanya: nadondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe, naiacha kivulini, kisha naitazama baada ya kukauka. Waiti spiriti safi huondoka bila kuacha alama, ilhali ile iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha duara la mafuta linalong'aa ukiielekeza karatasi kwenye mwanga. Makopo manne tuliyofungua yote yalifaulu. Vanishi tuliyoichanganya nayo kwenye milango ya mninga ilitandaa vizuri na kukauka kwa muda ulioandikwa kwenye kopo la vanishi, tofauti na ile ya kupimiwa, ambayo mwaka jana ilitupa makabati mawili yaliyobaki yakinata kwa siku tano hadi tukalazimika kuyapiga msasa upya. Brashi za rangi ya mafuta zinasafishika kwa kiasi kidogo pia. Tunatumia mitungi miwili ya kioo: wa kwanza wa kuondolea rangi nzito, wa pili wa kusuuzia. Uchafu ukishatuama kwa siku mbili tatu, kimiminika cha juu kilichorudi kuwa cheupe tunakimimina na kukitumia tena.

Kopo limetengenezwa kwa uangalifu. Kifuniko chake ni cha kusukuma chini ndipo kizungushwe, hivyo mtoto mdogo hakifungui kwa urahisi, na chini yake kuna kizibo cha plastiki chenye pete ya kuvutia kwa kidole. Mdomo wake haukuwekwa katikati bali pembeni, na hapo ndipo mafundi wengi hukosea: huliinamisha kopo upande ule ulio karibu na mdomo, hewa ikakosa njia ya kuingia, kimiminika kikatoka kwa kurukaruka na kumwagika mezani. Ligeuzeni ili mdomo uwe upande wa juu wakati wa kumimina, na mtaona jinsi kinavyotiririka kama uzi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Ubavuni mwa kopo, kwa herufi ndogo zinazohitaji miwani, imeandikwa namba 38, yaani nyuzi joto 38 za Selsiasi. Hicho ni kiwango cha joto ambacho kimiminika kikikifikia, mvuke uliokaa juu yake unatosha kuwaka pindi unapokutana na cheche au mwale wa moto. Fundi wa nchi ya baridi, ambaye karakana yake ina nyuzi joto 18, anapoisoma namba hiyo anajua kwamba ana nafasi ya nyuzi 20 kabla kopo lake halijaanza kuwa tishio. Sisi hatuna nafasi hiyo. Mwezi wa Februari nilitundika kipimajoto kwenye nguzo ya karakana, chini ya bati lisilo na dari, na saa nane mchana kilisoma 37. Kopo lililoachwa mlangoni mahali jua linapopiga, au lililofungiwa ndani ya buti ya gari lililoegeshwa juani, au lililobebwa kwenye bodaboda likiwa limeegemea injini, limekwisha kuvuka mpaka ambao mtengenezaji aliuandika. Kwa hiyo anayekuambia kwamba waiti spiriti "haiwaki hovyo kama petroli" anasema kweli akiwa Ulaya wakati wa baridi, lakini katika Dar es Salaam ya Februari maneno yake yanaweza kumuunguza mtu.

Hata chini ya kiwango hicho usalama si kamili. Tambara lililolowa hufanya kazi kama utambi wa koroboi na hushika moto mapema zaidi kuliko kimiminika kilichotulia kwenye chombo, na matone membamba yanayotoka kwenye bomba la kupulizia huwaka kwa urahisi vilevile. Ndiyo maana sikubali mtu yeyote apulizie vanishi iliyochanganywa huku mashine ya kuchomelea vyuma ya jirani ikifanya kazi, hata kama jirani mwenyewe anasema cheche zake hazifiki kwetu.

Waiti spiriti huuzwa kwa madaraja, na wauzaji wachache sana hulijua hilo. Daraja la chini hushika moto kati ya nyuzi joto 21 na 30, la kawaida kati ya 31 na 54, na la juu ni lile linaloanzia zaidi ya 55. Kwa hali yetu ya hewa, daraja la juu ndilo linalostahili kuwa la kawaida. Hukauka polepole zaidi, na fundi mwenye haraka hatalipenda, lakini kwa kusafishia brashi na vyombo ucheleweshaji huo hauna hasara yoyote. Kopo ninalolitathmini ni la daraja la kawaida, na hapo nalipunguzia alama, kwa sababu mtengenezaji anayeuza katika mji wa joto kama huu angepaswa kuleta na lile la juu.

Tabia ya mvuke wake inahitaji kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa watu wengi huufikiria kama moshi unaopanda juu na kutokea kwenye matundu ya bati. Mvuke huu ni mzito kuliko hewa zaidi ya mara nne. Unashuka, unatambaa sakafuni, unaingia kwenye mitaro na kukaa mahali palipobonyea, na hewa yenye takriban asilimia 1 tu ya mvuke huo tayari inaweza kuwaka. Kwa sababu hiyo dirisha la juu peke yake halisaidii sana; tunafungua milango miwili inayotazamana ili upepo upite chini. Lakini kufungua mlango nako kuna jambo lake. Mbele ya karakana yetu anapikia mama ntilie ambaye tumekula kwake kwa miaka, na jiko lake la mkaa lilikuwa hatua nne tu kutoka kizingitini. Siku tulipofungua kopo la kwanza nilimwendea.

"Shikamoo mama. Naomba jiko lisogee upande ule wa mwembe, leo tunasafisha vyombo vya rangi."

"Marahaba fundi. Kwani hiyo ni petroli?"

"Si petroli, mama, lakini mvuke wake hutembea chini kama wa petroli."

Hakuuliza zaidi; alilibeba jiko yeye mwenyewe, na mpaka leo hupikia upande wa mwembe. Aliitaja petroli kwa sababu hakuna mtu mzima hapa nchini aliyesahau Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipopinduka na moto ukaua watu zaidi ya 100. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi joto 40 chini ya sifuri, kwa hiyo hatari yake ni kubwa mno kuliko ya waiti spiriti. Namna mvuke unavyotambaa bila kuonekana hadi uukute moto, hata hivyo, ni ileile.

Inafaa kukumbuka kwamba aina moja ya waiti spiriti ilizaliwa kutokana na kuogopa moto. Mwanzoni mwa karne ya 20 wafua nguo wa Marekani waliokuwa wakisafisha nguo kwa kimiminika badala ya maji walitumia petroli na vitu vya jamii yake, na majengo yao yaliungua mara kwa mara. Mwaka 1924 mfua nguo mmoja wa Atlanta, W. J. Stoddard, akishirikiana na Lloyd E. Jackson wa taasisi ya utafiti ya Mellon, alitengeneza kimiminika kisichotoa mvuke kwa wepesi kama petroli. Hadi leo aina hiyo ya waiti spiriti inaitwa kwa jina la Stoddard. Kilichopatikana wakati ule ni kupungua kwa hatari, wala haikudaiwa kwamba hatari imekwisha.

Lile pipa la dukani tuliloliacha lina kisa chake, na nakieleza bila kulitaja duka. Muuzaji alikuwa akitupimia kwa faneli ya plastiki kwenye chupa za maji ya kunywa za lita moja na nusu, zikiwa bado na lebo zake za maji. Kimiminika cheupe kisicho na rangi, ndani ya chupa ya maji, katika karakana yenye joto: kijana mmoja anayejifunza kazi kwetu aliichukua akiwa na kiu na kupiga funda moja kabla ya kushtuka. Alikohoa kwa namna ambayo sijaisahau, macho yamemtoka, na mkono wake ukashika koo. Wenzake walitaka kumtapisha kwa kumwingizia vidole. Mmoja alishakimbilia maziwa. Niliwazuia, kwa sababu hatari kubwa ya mafuta haya haipo tumboni bali kwenye mapafu: yakipanda tena kwa kutapika yanaweza kuingia kwenye njia ya hewa, na kiasi kidogo tu kinatosha kuunguza mapafu na kuleta nimonia inayoweza kuua. Maziwa hayaondoi hatari hiyo na yanaweza kumfanya mtu atapike. Tulimkalisha wima, tukampeleka hospitali tukiwa tumebeba na chupa ili daktari ajue alichomeza, akalazwa siku tatu na kupona. Tangu siku hiyo hakuna chupa ya maji wala ya soda inayoruhusiwa kuhifadhi chochote katika karakana yetu isipokuwa maji na soda.

Umiminaji ule ulikuwa na hatari nyingine pia ambayo haionekani kwa macho. Waiti spiriti inapotiririka kwa kasi kwenye plastiki hujikusanyia umeme tuli, na kwa kuwa yenyewe haipitishi umeme vizuri, chaji hiyo hukaa mpaka ipate mahali pa kurukia kwa cheche. Kumimina polepole kutoka bati hadi bati, midomo ya vyombo ikiwa inagusana, huondoa sehemu kubwa ya tatizo hili. Anayetoa kwenye pipa la chuma la lita 200 anapaswa kuliunganisha pipa na chombo kwa waya, na pipa lenyewe kwa ardhi.

Matambara yanastahili maneno yake. Waiti spiriti peke yake hukauka na kuondoka, lakini sisi mafundi wa samani huichanganya na mafuta ya kitani, na mafuta hayo yanapokauka huchukua oksijeni hewani na kutoa joto. Tambara moja likiwa limetandazwa, joto hupotea. Yakiwa kumi yamerundikwa kwenye pembe, joto hunaswa katikati, huongezeka, na rundo huwaka lenyewe bila kiberiti. Tarehe 23 Februari 1991 matambara ya namna hii yaliyoachwa na mafundi kwenye ghorofa ya 22 ya jengo la One Meridian Plaza, Philadelphia, yaliwasha moto ulioua askari watatu wa zimamoto, na jengo lile la ghorofa 38 halikutumika tena. Mimi mwenyewe, jioni moja kabla ya kufunga, niliingiza mkono kwenye ndoo ya matambara nikakuta katikati yake ni moto kama chapati iliyotoka kwenye kikaango, ilhali juu yalikuwa ya baridi kabisa. Sasa tunayatandaza moja moja kwenye kamba nje, mbali na mbao, au tunayazamisha katika ndoo ya bati yenye maji na kifuniko. Mabaki mazito ya mitungi ya brashi tunayachanganya na mchanga na kuyaacha yakauke nje kivulini. Hatutumii unga wa mbao kwa kazi hiyo, na hatumwagi mtaroni.

Kuhusu mwili wa fundi nitakuwa mfupi. Acheni kunawa mikono kwa waiti spiriti; inaondoa mafuta ya ngozi hadi ngozi inapasuka na kuwasha. Mafuta ya kupikia huondoa rangi ya mafuta mkononi, kisha sabuni ikamalizia. Glavu nyembamba za mpira za hospitali huvimba na kulegea baada ya muda mfupi, hivyo tafuteni za naitraili, yaani za mpira bandia. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke hata kidogo; inayofaa ni ile yenye chujio la mkaa, na kwa mfumo wa Ulaya chujio hilo lina mkanda wa rangi ya kahawia. Kichwa kikianza kuuma na kuwa chepesi, tokeni nje mara moja. Nchi za Skandinavia ziliwachunguza mafundi rangi waliovuta mvuke huu kwa miaka mingi, wengi wao wakilalamikia kusahau na kushindwa kutuliza fikra, na Shirika la Afya Duniani lilitoa tathmini nzima kuhusu waiti spiriti mwaka 1996.

Lalamiko langu kubwa ni maandishi. Kopo lina alama za Umoja wa Mataifa zinazoeleweka duniani kote: mwale wa moto, na kifua cha mtu chenye nyota inayopasuka, ambayo huonya juu ya madhara ya ndani ya mwili. Lakini maneno yote yameandikwa kwa Kiingereza na Kiarabu. Fundi wa Keko, wa Gerezani au wa Tandale, ambaye Kiswahili ndiyo lugha aliyojifunzia kazi, analipia bidhaa ambayo onyo lake hawezi kulisoma. Kijana wetu aliyemeza funda lile anasoma Kiswahili vizuri kabisa. Maneno mawili yangemtosha. Ningefurahi sana kuona Shirika la Viwango Tanzania likiwataka waagizaji wote waweke lebo ya Kiswahili kwenye makopo haya.

Kwa bei, kopo linazidi ile ya kupimiwa kwa karibu theluthi moja, lakini kwa kuwa tunatuamisha na kutumia tena, na kwa kuwa haijatuharibia kazi hata mara moja, mwisho wa mwezi hatuoni tofauti kubwa. Nashauri mnunue la lita 5 badala ya lile la 20, ili kiasi kinachokaa ndani kiwe kidogo. Sisi huweka makopo mawili tu, ndani ya sanduku la chuma lililo kivulini, mbali na swichi na soketi, na karibu yake kuna ndoo mbili za mchanga na mtungi wa kuzimia moto wa unga. Maji hatuyagusi kwa moto wa aina hii, kwa sababu waiti spiriti ni nyepesi kuliko maji, hivyo huelea juu yake na kuendelea kuwaka huku ikisambaa. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, 114, imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu. Bati la kopo lenyewe lilianza kushika kutu kwenye mshono wa chini kufikia mwezi wa tatu, jambo la kawaida kwa unyevu wa pwani, kwa hiyo tunaliweka juu ya kipande cha mbao na kulikagua kila Jumamosi.

Nimenunua la tano wiki iliyopita. Kabla halijafunguliwa, kijana wetu alikata karatasi, akaibandika juu ya maandishi ya Kiingereza kwa gundi ya mbao, na kuandika kwa kalamu nene: SI MAJI. INAWAKA. USIMTAPISHE ALIYEMEZA, MPELEKE HOSPITALI.